Tabia Haisomwi kwa Sura Yake: Misingi ya Saikolojia kwa Anayeanza

Ugumu wa saikolojia kwa anayeanza hautokani sana na maneno mageni. Unatokana na mambo ambayo kila mtu anadhani anayajua tayari: adhabu, kumbukumbu, kilio cha mtoto, huzuni. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe Makerere au Kyambogo, vyuo vikuu vya Uganda, swali hili: mtoto analia sokoni akitaka soda, mama anamnunulia, mtoto ananyamaza. Nani amejifunza nini? Wengi watajibu kwamba mtoto amepewa zawadi kwa kulia, kisha waishie hapo. Hiyo ni nusu ya jibu. Mama naye amefundishwa jambo, na mwalimu wake ni yule mtoto.

Kuna kanuni moja inayofungua milango mingi ya somo hili. Kitendo hakielezwi kwa jinsi kinavyoonekana. Kinaelezwa kwa kilichokitangulia, kwa kinachokifuata, na kwa kukilinganisha na hali ambayo sababu unayoishuku haikuwepo. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake ya saikolojia mjini Leipzig mwaka 1879, jambo jipya lilikuwa kuyapima mambo ya akili kwa utaratibu ambao mtu mwingine anaweza kuurudia. Tangu hapo nadharia nyingi zimekuja na kupita, lakini dai hilo la kupima halijaondoka.

Kilichotangulia: hofu ya sindano

Ivan Pavlov hakuwa mwanasaikolojia. Alikuwa Mrusi mtafiti wa mmeng'enyo wa chakula, na Tuzo ya Nobel aliyopata mwaka 1904 ilikuwa ya kazi hiyo. Aliona mbwa wake wakitoa mate kabla chakula hakijafika mdomoni, akaanza kuchunguza ni ishara gani zinazoyaleta.

Chukua mtoto anayepelekwa kituo cha afya kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, halafu miezi 9 kwa ajili ya surua. Sindano inauma bila kufundishwa: hicho ni kichocheo cha asili, na kilio chake ni mwitikio wa asili. Sare nyeupe ya nesi mwanzoni haina maana yoyote kwake. Ikitangulia sindano mara kadhaa inageuka kuwa kichocheo cha kujifunza, na mtoto anaanza kulia anapoiona tu. Kilio hiki cha pili ndicho mwitikio uliojifunzwa. Sauti ni ileile, machozi ni yaleyale, lakini kilichokizalisha ni kingine. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza alama, kwa kuvipa vilio vyote viwili jina moja.

Mpangilio wa wakati una uzito mkubwa. Ishara ikija kabla ya maumivu, mtoto hujifunza haraka. Ikija baada yake, hujifunza kidogo sana au hajifunzi kabisa, kwa sababu haimtabirii chochote. Mtoto huyo anaweza kumlilia kinyozi mwenye koti jeupe, na huko ndiko kueneza mwitikio. Akipelekwa kituoni mara nyingi bila kuchomwa, hofu hupungua. Baada ya wiki kadhaa inaweza kuibuka tena ghafla, ingawa kwa nguvu ndogo. Mzazi akiona hivyo asidhani kazi yote imepotea. Kupungua kwa hofu si kufutika. Ni funzo jipya lililowekwa juu ya lile la zamani, na la zamani bado lipo chini yake.

Kinachofuata: maswali mawili yanayotosha

Mwaka 1898 Edward Thorndike alichapisha majaribio yake ya paka waliofungiwa kwenye masanduku yenye komeo. Kadiri majaribio yalivyoendelea, muda wa kutoka ulipungua, kwa kuwa vitendo vilivyofungua mlango vilibaki na visivyofaa vikaachwa. B. F. Skinner aliendeleza wazo hilo kwa panya na njiwa, na kutoka kwake tukapata msamiati unaowasumbua wanafunzi kuliko wote: uimarishaji chanya, uimarishaji hasi, na adhabu.

Sahau kwamba chanya inanukia wema na hasi inanukia ubaya. Hapa chanya ni kuongeza na hasi ni kuondoa, kama alama za hesabu. Jiulize maswali mawili tu. Je, baada ya kitendo kuna kitu kimeongezwa au kimeondolewa? Na je, baadaye kitendo hicho kimezidi au kimepungua? Kikizidi ni uimarishaji. Kikipungua ni adhabu.

Jaribu maswali hayo kwenye steji ya boda boda. Mwendesha boda anampa abiria helmeti safi, abiria anamwongezea shilingi 1,000, na kuanzia hapo anabeba helmeti mbili kila siku: kitu kimeongezwa, tabia imezidi, ni uimarishaji chanya. Mwingine anagundua kwamba akivaa helmeti, askari wa trafiki hawamsimamishi njiani, basi anaivaa kila asubuhi: usumbufu umeondoka, tabia imezidi, ni uimarishaji hasi. Wa tatu anakaripiwa vikali na askari kwa kupakia abiria watatu na anaacha: karipio limeongezwa, tabia imepungua, ni adhabu chanya. Wa nne ni mgomvi, viongozi wa steji wanamzuia kupakia kwa siku tatu, na ugomvi wake unapungua: adhabu hasi. Kosa la kawaida kwenye mitihani ni kuuita uimarishaji hasi adhabu. Haiwezekani, kwa sababu uimarishaji wowote huongeza tabia.

Sasa turudi kwenye soda. Kwa mtoto, soda imeongezwa na kulia kutazidi: uimarishaji chanya. Kwa mama, kelele na macho ya watu vimeondoka, na kununua soda kutazidi: uimarishaji hasi. Kila mmoja anaimarisha tabia ya mwenzake, ndiyo maana mazoea haya huwa magumu kuyavunja kwa kumkaripia mmoja wao.

Kuyavunja kunawezekana, ila kuna mahali watu wengi hukwama. Malipo yakikatwa, huenda tabia isianze kwa kupungua. Inaweza kupanda kwanza: kilio kinakuwa kikali zaidi na kirefu zaidi, mtoto anajitupa chini. Mzazi asiyejua hili husema njia imeshindikana, na huinunua soda wakati uleule kilio kilipofika kileleni. Matokeo yake mtoto amejifunza kwamba kilio cha kawaida hakilipi tena, kinacholipa ni kile cha kujigaragaza. Kwa hiyo uamuzi ufanyike kabla ya kutoka nyumbani. Kama soda ipo, inunuliwe mapema, kabla ya kilio. Kama haipo, isipatikane kwa mama, wala kwa shangazi, wala kwa bibi anayemhurumia mjukuu. Mtu mmoja anayelegea mara mojamoja huiharibu kazi kuliko anayetoa kila siku.

Sababu ya hilo iko kwenye ratiba ya malipo, na Skinner aliichunguza kwa undani. Tabia inayolipwa kila mara hujengeka haraka na hufa haraka malipo yakikoma, kwa kuwa mabadiliko yanaonekana mara moja. Tabia inayolipwa baada ya majaribio yasiyotabirika huendelea muda mrefu bila malipo yoyote, kwa sababu kukosa leo hakusemi chochote kuhusu kesho. Mashine za kamari zimejengwa juu ya ratiba hii, na kijana anayebeti mechi kila wikendi mjini Kampala yumo ndani ya ratiba inayofanana nayo. Kumwambia kwamba amepoteza mara nyingi hakumtoi, kwani kupoteza mara nyingi ni sehemu ya ratiba iliyomfunga.

Kiboko nacho kipimwe kwa maswali yaleyale. Kama wanafunzi walewale wanachapwa kila Jumatatu kwa kuchelewa, na Jumatatu inayofuata wamechelewa tena, basi kwa maana ya kisaikolojia hawajaadhibiwa. Wameumizwa tu. Kuchelewa hakujapungua. Wakati huohuo funzo la Pavlov linaendelea kimyakimya: mwalimu, darasa na somo lake vinatangulia maumivu, na hofu inahamia kwenye vitu hivyo. Mwalimu kwa upande wake anaimarishwa kwa njia hasi, maana darasa hunyamaza papo hapo akishika fimbo. Uganda ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni kupitia marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016. Hata hivyo, sheria peke yake haiondoi kile kimya cha ghafla kinachomlipa mwalimu, na mafunzo ya ualimu yanayopuuza jambo hilo yatabaki yakishangaa kwa nini fimbo hairudi kabatini.

Kumbukumbu: kujua na kuhisi unajua

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akasubiri, kisha akazikariri upya na kupima ameokoa kiasi gani cha muda kulinganisha na mara ya kwanza. Baada ya dakika 20 aliokoa kama 58%. Baada ya saa moja 44%, baada ya siku moja 34%, na baada ya siku 31 bado 21%. Tazama umbo la takwimu hizo: hasara kubwa hutokea ndani ya saa ya kwanza, halafu mteremko unalegea. Na tazama kipimo chenyewe. Hata pale ambapo hakuweza kutaja silabi moja, muda aliookoa ulionyesha kwamba kitu fulani kilikuwa kimebaki.

Kumbukumbu ya muda mfupi ina nafasi finyu. George Miller, mwaka 1956, aliikadiria kwa vipande 7, pungufu au zaidi ya viwili. Makadirio ya baadaye ya Nelson Cowan, mwaka 2001, yako karibu na 4. Neno muhimu hapo ni vipande. Namba ya simu ya Uganda ina tarakimu 10, lakini mtu aliyezoea kuona 0772 huibeba kama kitu kimoja, kisha tatu, kisha tatu. Nafasi haijaongezeka, mzigo umefungwa vizuri zaidi.

Kwa mwanafunzi wa S.4 (kidato cha nne) anayejiandaa kwa mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, utafiti wa kuujua ni ule wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi wa chuo lilisoma kifungu cha habari mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kukiandika kutoka kichwani. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka 83% na wenzao 71%. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma 40%, waliojijaribu 61%. Tena, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka. Kusoma tena kunaleta hali ya kulizoea andiko, na mazoea hayo tunayachukulia kuwa ndiyo elimu. Kwa maoni yangu, hakuna matokeo mengine katika saikolojia ya mwanzo yenye faida ya haraka kwa mwanafunzi kuliko haya.

Jinsi ya kuyatumia: soma kurasa mbili za mmeng'enyo wa chakula, funga kitabu, na kwa dakika 10 andika kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka, pamoja na mchoro na majina ya vimeng'enya. Fungua kitabu, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Kesho anza na karatasi tupu kabla ya kugusa kitabu. Rudia baada ya siku tatu au nne, kisha wiki, kisha wiki tatu. Njia hii huharibika kwa namna mbili hasa. Ya kwanza ni kuchungulia mapema: jibu likichelewa sekunde chache, mkono unafungua kitabu, na juhudi ya kulivuta jibu, ambayo ndiyo inayoijenga kumbukumbu, haifanyiki. Ya pili ni kuruka usahihishaji, hata kosa likazoeleka. Kujibu karatasi za mitihani iliyopita huku majibu yamewekwa pembeni ni kusoma tena, hata kama mkono unaandika.

Kumbukumbu pia hubadilishwa na swali linaloivuta. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari. Walioulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipobamizana walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa yalipogusana. Katika jaribio la pili, baada ya wiki moja, 16 kati ya 50 waliopewa neno lile zito walisema waliona vioo vilivyovunjika, dhidi ya 7 kati ya 50 waliopewa neno jepesi zaidi. Vioo vilivyovunjika havikuwepo kwenye filamu. Anayemhoji shahidi wa ajali ya barabara ya Masaka aanze na "Uliona nini?" na asitie ndani ya swali lake kitu ambacho shahidi hajakitaja.

Mfungamano: utafiti ulioanzia vijijini Uganda

Hapa Uganda si mfano wa kuazima. Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 na kuanza kutembelea nyumba za Waganda katika vijiji vya karibu na mji. Alifuatilia familia 26 zenye watoto 28 ambao bado walikuwa wakinyonya, akizitembelea kila baada ya wiki mbili, saa kama mbili kila safari, akisaidiwa na mkalimani. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1967.

Wakati huo maelezo yaliyoenea ya mfungamano, yaani kifungo cha upendo kati ya mtoto na mlezi wake, yalikuwa kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama humlisha. Harry Harlow aliyatikisa mwaka 1958 kwa nyani wachanga: waling'ang'ania mwanasesere wa kitambaa laini asiye na maziwa, wakamwendea yule wa waya mwenye chupa kwa ajili ya kunyonya tu. Ainsworth yeye aliona jambo kwa binadamu, majumbani mwao. Mtoto anayeambaa hutoka kwa mama, hukagua chumba, hugeuka kumtazama, huenda mbali kidogo, kisha hurudi. Mama ni kituo salama cha kutokea. Aliona pia kwamba watoto wenye utulivu wa namna hiyo walikuwa na akina mama walioweza kumsimulia habari za mtoto kwa undani: anapenda nini, analiaje akiwa na njaa, analiaje akiwa na usingizi. Kutokana na hayo likakua wazo la usikivu wa mlezi, lenye sehemu nne: kuiona ishara, kuitafsiri sawasawa, kuijibu bila kuchelewa, na kuijibu kwa kitu kinachofaa.

Baadaye, mjini Baltimore nchini Marekani, alikuta watoto waliozoea kumwona mama akiingia na kutoka chumbani, wakiwa watulivu mno kiasi cha kutoonyesha mfungamano wao waziwazi wakiwa nyumbani. Akabuni kipimo cha chumba kigeni: vipindi vinane ndani ya dakika 20 hivi, ambapo mgeni anaingia, mama anatoka na kurudi mara mbili, na mara moja mtoto anabaki peke yake. Wengi hudhani kinachopimwa ni kiasi cha kulia mama akitoka. Kipimo kiko kwenye kurudi kwake. Mtoto mwenye mfungamano salama anaweza kulia sana au asilie kabisa. Alama yake ni kwamba mama akirudi anamwendea au anamsalimu, anatulia, na anarudi kwenye michezo. Anayekwepa humpuuza mama anayeingia. Mwenye mvutano anamtaka na kumsukuma kwa pamoja, na hatulii.

Sasa angalia matokeo yanayowachanganya wasomaji makini. Watoto wa Baltimore waliojibiwa haraka walipolia katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza. Lakini je, hatukusema kwamba kilio kinacholipwa huzidi? Wafuasi wa Skinner waliuliza swali hilohilo na kupinga hesabu za utafiti huo. Jibu ninaloliona lina nguvu ni hili: kilio cha mtoto wa miezi mitatu mwenye njaa na kilio cha mtoto wa miaka mitatu mbele ya duka la soda havifanyi kazi moja. Cha kwanza huondoka haja yake ikitimizwa, na kikipata jibu la kuaminika mtoto hujenga njia nyingine za kuita, kwa sauti na ishara. Kumwacha mchanga alie ili "asizoee" ni kutumia kanuni ya soda mahali ambapo soda haipo.

Tahadhari moja kwa anayetumia kipimo hiki kwetu. Mtoto aliyelelewa mgongoni, mikononi mwa bibi, dada na shangazi, anaweza kuwa na mfungamano na watu kadhaa, na pengine hajawahi kubaki peke yake chumbani hata dakika moja. Kwake kipindi cha upweke ni kizito kuliko kilivyokusudiwa. Hilo lilionekana Sapporo, Japani, ambako watoto wengi kuliko kawaida waliwekwa kundi la mvutano na hakuna aliyewekwa kundi la kukwepa. Wengi wao hawakuwa wamezoea kuachwa.

Bila kundi la kulinganishia

Somo la mwisho ambalo anayeanza hawezi kuliruka lina mfano mzuri kutoka wilaya za Rakai na Masaka, hapa Uganda. Watafiti waliwauliza kwanza wenyeji wanaielezaje huzuni inayomlemaza mtu, wakapata hali mbili zenye majina ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubagiza, zinazokaribiana na kile madaktari wanachoita sonona. Kisha wakachukua vijiji 30, vingine vikapata tiba ya mazungumzo ya kikundi, vingine vikaendelea na maisha ya kawaida. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Waliopata tiba walishuka kutoka 86% wenye vigezo vya sonona hadi 6.5%.

Kama tungeishia hapo tungesema tiba imewaponya karibu wote. Lakini wasiopata tiba nao walishuka, kutoka 94% hadi 54.7%. Muda, msaada wa ndugu na kupita kwa msimu mbaya vilikuwa vikifanya kazi pande zote mbili. Sehemu ya kuihesabu kwa tiba ni ile tofauti iliyozidi: upande mmoja umeshuka kwa pointi 79.5, mwingine kwa 39.3, kwa hiyo ni kama pointi 40. Bado ni kubwa mno, na sasa inaweza kuaminika.

Bahati nasibu ya kuamua nani apate tiba ilipigwa kwa vijiji, haikupigwa kwa mtu mmojammoja. Watu wa kijiji kimoja huteka maji pamoja na kuzikana. Aliyetoka kwenye kikundi Jumanne angekuwa amemsimulia jirani yake yote kabla ya Jumatano, na jirani huyo asingekuwa tena mtu ambaye hakupata tiba.